Kabla hujaihukumu albamu ya hardcore, uliza unasikiliza nakala ipi

Watu wengi walioipa kisogo panki ya hardcore hawakukosea kuhusu walichokisikia. Walisikia mwimbaji mwenye sauti iliyopanda kama ya mtoto, besi isiyosikika, ngoma zenye mlio wa kopo, na nyimbo 26 zilizopita kama wimbo mmoja usioisha. Wakazima. Kilichowaponyoka ni kwamba sehemu kubwa ya walichokikataa haikuwa kazi ya bendi. Ilikuwa kazi ya kaseti iliyochoka, ya toleo lililochanganywa upya miaka minane baada ya rekodi kutoka, ya CD iliyobeba rekodi kadhaa ambazo hazikukusudiwa kusikilizwa kwa mkupuo, au ya spika ya simu. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuirudia albamu ya hardcore huanza na swali la ufundi, na swali la ladha hufuata: hii ninayoisikiliza ni nakala ipi?

Kwa asiyeujua muziki huu: hardcore ni panki iliyokazwa. Nyimbo ni fupi, kasi ni kubwa, mwimbaji anafoka zaidi ya anavyoimba, na gitaa halisimami kujionyesha. Ulizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kusini mwa California na Washington, D.C., mikononi mwa vijana ambao hakuna lebo kubwa iliyowataka. Walirekodi kwa pesa za kuungaunga na kwa saa chache, wakatoa kazi zao wenyewe kwenye santuri ndogo na kaseti. Kisha kwa miaka 40 rekodi hizo zikapita mikono mingi, na kila mkono ukaacha alama yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Bad Brains. Hawa ni wanamuziki wanne Weusi wa Washington walioanza kwa kupiga jazz iliyochanganywa na roki, wakijiita Mind Power, kabla ya kuigeukia panki na baadaye Urastafari. Gary Miller, anayefahamika kama Dr. Know, yuko kwenye gitaa, Darryl Jenifer kwenye besi, Earl Hudson kwenye dramu, na kaka yake Paul Hudson, yaani H.R., kwenye maiki. Mwaka 1983 walitoa Rock for Light, prodyuza akiwa Ric Ocasek wa bendi ya The Cars. Mwaka 1991 Ocasek na Jenifer waliichanganya upya: mpangilio wa nyimbo ukabadilishwa, idadi ikapanda kutoka 17 hadi 20, na mwendo wa mkanda ukaongezwa. Mkanda ukiongezwa mwendo, si kasi tu inayopanda, sauti nayo hupanda. H.R., ambaye tayari ana koo linaloruka juu kama filimbi, akatoka akiwa na sauti ya katuni. Kwa miaka mingi toleo hilo ndilo lililopatikana kirahisi madukani, na ndilo lililowafanya watu waseme Bad Brains wamesifiwa kupita kiasi.

Kulitambua ni rahisi. Tazama wimbo wa kwanza. Ukianza na “Coptic Times”, uko kwenye mpangilio wa 1983. Ukianza na “Big Takeover”, hilo ni la 1991. Kwa albamu nyingine ambayo hujui historia yake, linganisha urefu wa nyimbo. Mkanda uliopandishwa nusu toni unakimbia kwa takriban asilimia 6 zaidi, kwa hiyo wimbo wa sekunde 100 unashuka hadi sekunde 94 hivi. Tofauti ya sekunde moja au mbili inaweza kuwa ni ukimya uliokatwa mwishoni, lakini tofauti inayofuata uwiano uleule katika kila wimbo ni mwendo wa mkanda. Wapo wanaodhani kuipunguza kasi kwa programu ya kompyuta kunairudisha Rock for Light ya mwanzo. Hakuirudishi, kwa sababu ala zenyewe zilipangwa upya kwenye mchanganyo wa 1991. Sauti itashuka, lakini dramu na gitaa zitabaki pale zilipowekwa mara ya pili. Ni bora kuitafuta ya 1983.

Au uanzie nyuma zaidi, kwenye kaseti ya 1982 iliyotolewa na lebo ya ROIR ya New York, yenye jalada la manjano na radi inayopiga kuba la bunge la Marekani. Ilirekodiwa 1981 katika 171-A, chumba cha mazoezi na studio kwenye Avenue A, na ilitoka kama kaseti tu, bila santuri. Kwangu hii ndiyo rekodi bora ya hardcore iliyowahi kufanywa, na ubora wake uko mahali ambapo msikilizaji wa haraka hapaangalii: nyimbo za rege. “Jah Calling”, “Leaving Babylon” na “I Luv I Jah” mara nyingi hurukwa na wanaotafuta kasi tu, kana kwamba ni mapumziko. Sikiliza Jenifer na Earl Hudson ndani ya hizo nyimbo, jinsi besi inavyoachia nafasi na dramu inavyoivuta pumzi, halafu rudi kwenye “Sailin' On”. Utagundua kwamba hata kwenye kasi ile besi haikimbizani na gitaa. Inashikilia chini, inapanda pale tu gitaa linaposhuka. Bendi nyingi zilizowaiga zilichukua kasi zikaacha hiyo nidhamu, zikaishia kuwa vurugu.

Lakini nidhamu hiyo haisikiki kwenye simu. Uzi mnene wa besi ya kawaida, ukipigwa wazi, unatoa mtetemo wa takriban hezi 41, na spika ndogo ya simu haitoi chochote cha maana chini ya mia kadhaa. Unachosikia ni gitaa, matoazi na kelele za mwimbaji, kisha unahitimisha kwamba hakuna mpangilio. Spika za masikioni za bei ya chini zilizoziba vizuri zinatosha. Kinachoharibu besi ni hewa inayopita pembeni ya sikio, kwa hiyo badilisha kipira cha mbele hadi upate saizi inayoziba kabla hujanunua kifaa kingine.

Ukibahatika kupata kaseti yenyewe, usiilaumu kabla hujaiangalia deki. Safisha kichwa cha kusomea na kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Roli ya mpira ipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti huikausha na kuipasua. Kama sauti bado ni nzito kama imefunikwa blanketi, kichwa kimepinda. Kinatakiwa kusimama wima kabisa dhidi ya mwendo wa mkanda, na kikiinama kidogo tu, sauti kali ndizo hufa kwanza. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo. Weka alama mahali ilipo, cheza sehemu yenye hai-hati nyingi (yale matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu), sikiliza kwa spika moja, kisha izungushe kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko, hadi hai-hati ing'ae. Ukimaliza kaseti hiyo irudishe kwenye alama, la sivyo zile ulizorekodi mwenyewe kwenye deki hiyo ndizo zitakazosikika zimefunikwa. Nakala nyingi mbovu za kaseti za hardcore zilizoko mtandaoni ziliharibiwa na skrubu hii, wala si studio.

Kuna upande mwingine, pale ambapo ubovu ni sehemu ya rekodi. Kwenye I Against I ya 1986, wimbo “Sacred Love” una sauti ya H.R. iliyobanwa, nyembamba, kama inatoka kwenye bomba. Wasiojua hudhani faili limeharibika. H.R. alikuwa gerezani Lorton, na sauti yake ilirekodiwa kupitia simu. Hakuna toleo litakaloisafisha, na lisitafutwe.

Kuirudia Bad Brains kunamaanisha pia kukabili yale yasiyo ya ufundi. Mwaka 1982 huko Austin, Texas, walikosana vibaya na bendi za Big Boys na MDC kwa sababu ya chuki waliyoionyesha dhidi ya mashoga, na “Don't Blow Bubbles” kwenye Quickness ya 1989 inaibeba chuki hiyo ndani ya mashairi yenyewe. Siwezi kuusikiliza wimbo huo na kusema ni muziki tu. Kwa albamu hiyo najua ninachokiacha, na bado kaseti ya 1982 haina mfano wake.

Minor Threat, nao wa Washington, wana tatizo jingine kabisa, nalo ni wingi. Ian MacKaye na Jeff Nelson, pamoja na Nathan Strejcek, walianzisha lebo ya Dischord mwaka 1980 ili watoe santuri ya bendi yao ya awali, Teen Idles. Majalada waliyakata na kuyagundisha kwa mkono. Minor Threat, MacKaye akiimba na Nelson akipiga dramu, wakaja baadaye, wakadumu hadi 1983, na mwaka 1989 kazi yao yote ikawekwa kwenye CD moja ya nyimbo 26 na dakika 47 hivi. CD hiyo imewafikishia watu wengi muziki huu, na imewafanya wengi hao hao wauchoke. Santuri yao ya kwanza ya 1981 ina nyimbo 8 ndani ya dakika 9 na sekunde kidogo. Ilikusudiwa iishe, uinuke, uigeuze, iishe tena. “Straight Edge”, wimbo uliozaa harakati nzima ya vijana wasiokunywa pombe wala kutumia dawa za kulevya, una sekunde 46. Ukiusikia kama wimbo wa nne kati ya 26, unapita. Ukiusikia kama wimbo unaofunga upande wa kwanza, ukifuatiwa na kimya, unabaki.

Kwa hiyo igawe CD hiyo wewe mwenyewe. Nyimbo nane za kwanza ni santuri ya kwanza. Simama hapo, hata siku nzima. Nne zinazofuata ni In My Eyes, pia ya 1981. Kisha Out of Step ya 1983, ambayo ndiyo ninayoihesabu kuwa kazi yao kubwa, na ambayo inahitaji masikio tofauti: Brian Baker alihama kutoka besi kwenda gitaa la pili, Steve Hansgen akashika besi, na ghafla kuna nafasi ya gitaa moja kukaza huku jingine likipanda. Linganisha wimbo “Out of Step” wa 1981 na ule wa 1983. Katika ule wa pili MacKaye anasimama katikati na kusema wazi kwamba haya si masharti anayomwekea mtu yeyote. Maneno hayo yaliingia kwa sababu Nelson, mpiga dramu wake, hakupenda wimbo usikike kama amri. Mvutano wa vijana wawili juu ya maana ya mistari michache umebaki ndani ya rekodi, unasikika.

Katika In My Eyes kuna pia “Guilty of Being White”. MacKaye ameeleza mara nyingi kwamba aliuandika kutokana na shule alizosoma Washington, mji ambao wakazi wake wengi walikuwa Weusi, akipinga kuhukumiwa kwa rangi. Nakubali kwamba hiyo ndiyo nia. Lakini wimbo wa dakika moja na ushei haubebi maelezo hayo mgongoni, na mwaka 1996 bendi ya metali ya Slayer iliurekodi ikabadilisha neno la mwisho kiasi cha kuugeuza kabisa. Wimbo unaohitaji mwandishi wake asimame kando yake kuutetea kila unapokwenda haukuandikwa vizuri.

Albamu iliyohukumiwa vibaya kuliko zote ni My War ya Black Flag. Hapa lazima kwanza ijulikane ilikotoka. Black Flag ni bendi ya Hermosa Beach, California, iliyoanzishwa 1976 na Greg Ginn, mtu aliyekuwa na biashara ndogo ya vifaa vya redio iitwayo Solid State Transmitters. Jina la lebo yake, SST, limetoka hapo. Walibadilisha waimbaji mfululizo: Keith Morris, Ron Reyes, Dez Cadena, kisha Henry Rollins mwaka 1981. Albamu yao Damaged ikatoka mwaka huo huo. Kampuni ya MCA ilikuwa iisambaze kupitia lebo ya Unicorn, lakini bosi mmoja wa usambazaji akaikataa akisema ni rekodi dhidi ya wazazi, na bendi ikabandika stika juu ya nembo ya MCA. Kesi na Unicorn ikawafunga mikono hadi Unicorn ilipofilisika 1983. Katika kipindi hicho hardcore nzima ilizidi kwenda kasi. Mashabiki walisubiri Damaged ya pili.

Wakapewa My War, Machi 1984. Upande wa kwanza una nyimbo sita za kasi ya kueleweka. Upande wa pili una tatu tu, kila mmoja umepita dakika 6, zote zikitambaa: “Nothing Left Inside”, “Three Nights”, “Scream”. Wengi walihisi wamesalitiwa. Na ukiisikiliza leo kwenye simu, bila kugeuza chochote, inaonekana kama albamu iliyoishiwa nguvu katikati. Santuri inaeleza kinachoendelea. Lazima uinuke, uiinue, uigeuze, uweke sindano, ni uamuzi. Ginn alizitenga zile tatu upande wa peke yao akijua anachofanya. Jaribu hivi: sikiliza upande wa pili peke yake, siku usiyosikiliza ule wa kwanza kabisa, kwa sauti ya juu kiasi cha kusikia matoazi yakifa yenyewe kati ya pigo na pigo. Bill Stevenson, mmoja wa wapiga dramu wepesi kuliko wote wa kizazi chake, anazuia kila pigo hadi linauma. Besi ni ya Ginn mwenyewe, aliyejiandika kwa jina la Dale Nixon kwa kuwa bendi haikuwa na mpiga besi, na kwa vile besi na gitaa vimetoka kwenye mkono mmoja, vinayumba pamoja. Melvins na bendi nyingi nzito za pwani ya magharibi ya Marekani zilichota kwenye upande huu kuliko kwenye Damaged. Sina shaka kwamba ndio muhimu zaidi katika kazi yote ya Black Flag. Kwa anayetaka kwanza kuijua bendi ilivyokuwa kabla ya Rollins, The First Four Years ya 1983 inakusanya rekodi ndogo za waimbaji watatu wa mwanzo, na Nervous Breakdown ndani yake, nyimbo nne kwa dakika tano, bado ni kali kama siku ilipotoka.

Nigusie fizikia ya santuri kidogo, kwa sababu inaeleza malalamiko mengi. Mlio wa besi huchora mfereji unaoyumba kwa upana. Ukitaka besi nyingi na sauti kubwa, mifereji lazima iachane. Ukitaka dakika nyingi, lazima isongamane, na ili isongamane fundi wa kukata hupunguza sauti na kuinyoa besi. Santuri ya inchi 7 kwa mizunguko 45 hukaa vizuri kwenye dakika nne au tano kwa upande, ndiyo maana ile ya kwanza ya Minor Threat inapiga kama ngumi. Mwaka 1983 D.R.I. wa Houston walibana nyimbo 22 kwenye santuri ya inchi 7. Matokeo yalikuwa membamba na ya chini mno, wakaitoa tena kwenye inchi 12, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Kuna jambo la pili: kadiri sindano inavyoelekea katikati, urefu wa mfereji unaopita chini yake kwa kila sekunde hupungua, na milio mikali huanza kukwaruza. Wimbo wa mwisho wa kila upande huumia. Ukisikia “s” za mwimbaji zinachomachoma mwishoni mwa upande tu, tatizo ni umbali huo au sindano iliyochakaa, wala mwimbaji hahusiki. Kabla ya kununua, soma alama zilizochongwa kwenye ukingo mtupu karibu na lebo ya katikati, kisha zilinganishe na orodha za Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya rekodi. Jalada hudanganya kirahisi, mchongo ni vigumu.

Wembamba wa sauti si kasoro kila mara. Minutemen wa San Pedro walifanya makusudi: D. Boon alikata besi yote kwenye amplifaya ya gitaa lake na kubaki na milio ya juu ili mpiga besi Mike Watt awe na nafasi yake yote chini, kwa imani kwamba hakuna ala inayopaswa kuitawala nyingine. Ukiongeza besi kwenye programu yako ya kusikilizia ili “kurekebisha” Double Nickels on the Dime, unavunja mpango wao. Lakini Zen Arcade ya Hüsker Dü, iliyotoka mwaka huo huo wa 1984 kwa lebo hiyo hiyo ya SST, ni nyembamba kwa sababu nyingine: nyimbo 23, takriban dakika 70, zilirekodiwa na kuchanganywa kwa muda wa saa 85 hivi na dola 3,200, karibu zote kwa jaribio la kwanza. Hapo kuongeza desibeli mbili au tatu kati ya hezi 80 na 120 ni kumtendea haki Greg Norton, ambaye besi yake imezama chini ya gitaa la Bob Mould. Usizidishe, maana ngoma ya mguu nayo iko humo, na itaanza kuunguruma.

Na ukilinganisha matoleo mawili, yasawazishe kwanza. Toleo la CD la miaka ya 1990 au faili jipya huwa na sauti kubwa kuliko la zamani, na sikio la binadamu huchagua kikubwa na kukiita kizuri. Shusha kile kikubwa hadi vilingane kwenye ngoma ya snea, ndipo uamue.

Katika hadithi za mikanda sitaacha In God We Trust, Inc. ya Dead Kennedys, 1981. Walirekodi nyimbo zote mwezi Juni, kisha ikagundulika kwamba mkanda ulikuwa mbovu na unga wa sumaku ulikuwa ukibanduka, wakarudia kazi yote Agosti. Toleo la kaseti lilikuwa na nyimbo zote upande mmoja, na upande wa pili ukaachwa mtupu ili mnunuzi arekodi anachotaka, jibu lao kwa makampuni yaliyodai kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Ikiwa kaseti yako ya rekodi hii ni kimya upande wa pili, haijaharibika.

Tatizo kubwa lililobaki ni la sikio, nalo ni kudhani kwamba kila kasi ni moja. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Katika mdundo wa kawaida wa hardcore ya Marekani, ngoma ya mguu na snea hupokezana sawasawa, dum-tak-dum-tak. Sasa weka Hear Nothing See Nothing Say Nothing ya Discharge, bendi ya Stoke-on-Trent, Uingereza, 1982. Snea iko kwenye mbili na nne, lakini mguu unapiga moja, kisha “na” ya baada ya mbili, kisha “na” ya baada ya tatu: dum, tak-dum, dum-tak. Pigo la tatu, ambalo sikio linalisubiri, limerukwa. Ndiyo maana muziki huu unasukuma mbele kama mtu anayejikwaa bila kuanguka. Upige kwa vidole mezani taratibu, ukiusema kwa mdomo, hadi uingie, halafu rudi kwenye rekodi. Utaona ghafla kwamba nyimbo zile 14 zinatofautiana kwa mambo madogo, mahali gitaa la Bones linapobadilisha kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) kabla au baada ya snea. Mashairi ya mwimbaji wao, Cal, ni mistari michache tu kuhusu vita na nyuklia, hayahitaji zaidi. Mdundo huo ulisambaa hadi kwa Anti Cimex na Mob 47 huko Sweden, na kwa Disclose huko Japani. Miaka minne baadaye Discharge hao hao walitoa Grave New World, na kwa albamu hiyo hakuna nakala, spika wala subira itakayosaidia. Nimeitafutia utetezi, haupo.

Kwa anayetaka kwenda pembeni ya njia kuu, pendekezo langu ni santuri ya The Faith na Void, Dischord namba 8, 1982. The Faith wako upande mmoja, nadhifu, na Alec MacKaye, mdogo wake Ian, akiimba. Void wako upande wa pili, na hapo kila kitu kinaelekea kubomoka: gitaa la Bubba Dupree linazomea, dramu inawahi, John Weiffenbach anachelewa. Anza na The Faith, uzoee mstari ulionyooka, ndipo ugeuze. Ukianza na Void peke yao utasikia watu wasiojua kupiga, na si kweli. Gitaa lile linarudi mahali pake kila mara.

Nje ya nchi zinazozungumza Kiingereza, usikwame kwenye lugha. Terveet Kädet wa Tornio, Finland, na Crucificados pelo Sistema ya Ratos de Porão, São Paulo 1984, wakati Brazil ikiwa bado chini ya jeshi, havihitaji kamusi ili vikufikie. Tafsiri ya mashairi isome baadaye, ukishaujua wimbo kwa mwili.

Uzi huu umefika pia kwetu. Kutoka Discharge ulipita kwa Napalm Death, ambao Scum yao ya 1987 ina vikosi viwili tofauti kwenye pande mbili, Mick Harris wa dramu akiwa ndiye pekee aliyepiga kote, na ukaendelea hadi Nairobi kwa bendi ya Duma. Martin Khanja na Sam Karugu walitoa albamu ya jina hilo mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hakuna mpiga dramu. Midundo imepangwa kwa mashine, inakatwa na kubadilishwa kasi ambayo mguu wa mtu usingeiweza. Hapa ile hesabu ya moja-na-mbili haitakusaidia, iache. Fuata pumzi ya Khanja, pale anapovuta hewa kabla ya kufoka, maana ndizo alama za mwanzo na mwisho wa kila sehemu. Iweke kwenye spika zenye besi ya kweli, kwa sababu chini ya kelele ile kuna mngurumo unaobeba wimbo mzima, na mtu aliyeisikia kwenye simu bado hajausikia.